Kichwa Kinapouma Baada ya Kuvutwa Shingo

Fundi cherehani aliyeinamia mashine kwa miaka 20 hufika kliniki ya fiziotherapia na malalamiko ambayo wahudumu wameyazoea: shingo imekakamaa, maumivu yanateremka begani hadi mkononi, kidole gumba kina ganzi. Anapimwa, anaelezwa kwamba neva inabanwa inapotoka kati ya pingili, kisha anapangiwa tiba ya kuvutwa shingo. Anainuka kitandani akiuona mkono mwepesi. Jioni hiyo kichwa kinaanza kuuma kutoka kisogoni hadi nyuma ya jicho. Anameza vidonge vya kutuliza maumivu, na anaporudi siku ya tatu akaulizwa hali, anajibu, “Naendelea vizuri.” Uzito unaongezwa.

Mgonjwa huyo hakukusudia kudanganya. Amelelewa akiamini kuwa dawa chungu ndiyo iponyayo, na hataki kumvunja moyo anayemhudumia. Hata hivyo, katika tiba hii maneno ya mgonjwa ni kipimo kama vipimo vingine.

Shingo ina pingili 7 na jozi 8 za neva zinazopenya katika vitundu vya kando. Diski ikitokeza, au mfupa ukiota vipembe kwa sababu ya umri, kitundu husinyaa. Uvutaji hukusudia kuzitenganisha pingili kwa kadiri ndogo ili neva ipate nafasi. Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa takriban kilo 5. Kwa anayevutwa akiwa ameketi, sehemu ya kwanza ya nguvu huishia katika kukibeba kichwa tu, ilhali aliyelala chali hahitaji nguvu hiyo ya ziada. Kwa hiyo kipimo kilichomfaa mmoja chaweza kumdhuru mwingine, na kifaa cha kutundikwa mlangoni hakipaswi kutumiwa kwa kuigana.

Kwa nini kiume kichwa, na si shingo iliyovutwa? Neva tatu za juu za shingo hukutana na nyuzi za neva kuu ya uso katika sehemu ya juu kabisa ya ugwe mgongo, yaani kamba ya neva ipitayo ndani ya uti wa mgongo. Ubongo hushindwa kubainisha habari imetoka wapi, na maumivu ya kiungo cha shingo huhisiwa nyuma ya jicho. Misuli ya kisogo nayo hujikaza kuupinga mvuto, na mkanda unaokandamiza kidevu huumiza kiungo cha taya. Maumivu ya namna hii kwa kawaida hutulia baada ya muda mfupi. Mtaalamu akiarifiwa hupunguza nguvu na muda, hubadilisha pembe ya shingo, au hutafuta mkanda mwingine.

Ganzi na vichomi husomwa kwa mwelekeo wake. Maumivu yakiondoka mkononi na kurudi nyuma kuelekea shingoni, kwa kawaida ni dalili njema, hata shingo yenyewe ikiuma zaidi. Yakishuka kuelekea vidoleni, ganzi ikienea au mkono ukilegea, uvutaji husimamishwa.

Zipo dalili za kundi jingine, nadra lakini nzito. Mishipa miwili ya damu iendayo ubongoni hupanda ndani ya matundu ya pingili za shingo, na ukuta wa mshipa ukichanika kiharusi chaweza kufuata. Maumivu makali ya ghafla yasiyofanana na yaliyozoeleka, kizunguzungu, kuona vitu viwili viwili, ulimi mzito, kumeza kwa shida au kupepesuka ni mambo ya kupelekwa idara ya dharura saa ileile. Vivyo hivyo mikono yote miwili ikishindwa kufunga vifungo, miguu ikiwa mizito au mkojo ukizuia kutoka, kwani huenda ugwe mgongo wenyewe umebanwa. Maumivu yanayozidi mtu asimamapo na kutulia alalapo huelekeza kwenye uvujaji wa maji ya ugwe, na daktari anapaswa kuambiwa.

Wengine hawakupaswa kuvutwa tangu mwanzo: wenye kifua kikuu cha uti wa mgongo, saratani iliyofika mifupani, pingili zilizovunjika, au baridi yabisi iliyolegeza viungo vya juu vya shingo. Homa za jioni, jasho la usiku na kukonda huulizwa kabla ya mkanda kufungwa.

Kuiacha tiba hii si kupoteza tumaini. Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2008 hayakupata ushahidi wa kutosha wa kuithibitisha wala kuikataa. Mazoezi na marekebisho ya mkao wa kazi hubaki.

Fundi yule, akiulizwa “Jioni ile ulilalaje?” badala ya “Unaendeleaje?”, huenda akakitaja kichwa. Na kikimuuma kabla ya siku ya miadi, arudi kliniki, asiende kwa kinyozi wa kuizungusha shingo mpaka ilie.