Avoka yuko mezani, lakini ni avoka wa nani?

Wakati wa DRC Mining Week, hoteli ya Karavia inajaa watu wa migodi na watu wa benki. Kijana wa Lubumbashi mwenye mradi wake anajua: hapa njo pa kukutana na mutu wa franga. Wakisikilizana, yule mwekezaji anasema: «Sawa, avoka wangu atatayarisha makaratasi.» Kijana anafurahi, anafikiri amepata avoka wa bure. Hapana. Yule avoka ana mutu wake tayari.

Wengi kwetu tunamujua avoka wa kesi: ndugu amefungwa, parsele imeuzwa mara mbili, tunakimbia kwa Metre. Avoka wa masosiete kazi yake iko ingine. Ku tribinali anaenda mara moja moja. Siku nyingi anaandika: statuti, mapatano ya maasosie, kontra ya franga. Na anatetea yule aliyemuita. Si ubaya, njo kazi yake. Kwa hiyo kabla ya kushika kalamu, uliza: «Metre, hapa uko avoka wangu, wake, ao wa sosiete?» Kila jibu lina matokeo yake.

Tangu tarehe 12 Septemba 2012, Kongo inafuata sheria za OHADA pamoja na inchi zingine 16 za Afrika. Mbele ya hapo tulikuwa tungali na dekre ya mwaka 1887, ya wakati wa Leopold! Sheria ni moja Bunia, Goma, Bukavu, Kalemie na Lubumbashi. Vijana wengi wanafungua SARL ku Guichet unique na statuti za kunakili, hawazisomi. Lakini ndani ya SARL kuna hesabu mbili za kushika. Mwenye kupita nusu ya kapitali anaweka jeranti, na anaweza kumutoa. Kwa kubadilisha statuti, inaomba robo tatu.

Tuseme marafiki wawili wa Katuba, wako 50 kwa 50. Mwekezaji anaingia, anapata 40 kwa mia. Wao wanabaki na 30 na 30. Mwenye alianzisha mradi njo jeranti. Akigombana na rafiki yake, rafiki na mwekezaji wanafanya 70: wanaweza kumutoa ku kiti. Akitolewa bila sababu ya haki anaweza kuomba malipo, lakini kiti hakirudi. Ila 70 haifike 75, kwa hiyo statuti hawawezi kuzigusa bila yeye. Ile 30 yake ni kufuli.

Mwaka unaofuata anakuja mwekezaji wa pili na franga mpya, anapata 20 kwa mia. Kila mutu anashuka: mwekezaji wa kwanza 32, marafiki 24 na 24. Hesabu mwenyewe: 32, 24 na 20 ni 76. Kufuli imefunguka. Na kule kuongeza kapitali kusingepita bila kura yake. Alisaini mwenyewe, tena akishangilia. Avoka wake angemuambia: saini, lakini kwanza tuandike mapatano ya pembeni kati ya maasosie, kwa mufano haki ya kununua sehemu mbele ya mugeni. Tangu 2014 sheria ya OHADA inayatambua, ikiwa hayapingane na sheria wala na statuti. Mwaka ule ule njo ilileta SAS, ambamo maasosie wanajiandikia kanuni karibu zote. Waekezaji wanaipenda. Huko kusoma kunaomba macho makali zaidi.

Halafu kuna ile maneno ya kila siku: «Mimi naleta akili, weye unaleta franga.» Ndani ya SARL mutu anaruhusiwa kuingiza kazi yake, lakini sehemu za namna ile haziingie mu kapitali, na kura zake zote pamoja hazipite 25 kwa mia. Programu iliyokwisha kutengenezwa ni kitu kingine: inaweza kupimwa kama mali, na bei yake ikaandikwa mu statuti.

Mutego mwingine uko wa kwetu Katanga zaidi. Sheria ya tarehe 8 Februari 2017 inawekea masosiete ya kapitali ya Wakongomani kazi za sutretansi, zile kampuni kubwa za migodi zinapatia wengine. Hapo unaweza kuitwa kwa jina lako tu, si kwa akili yako: asosie mukubwa ku karatasi, na pembeni unasaini karatasi ya pili inayorudisha kila kitu. Mambo yakiharibika, jina lililo ku RCCM ni lako, na jeranti anajibu kwa makosa yake ya uongozi. Tena kipengele kinachomupa asosie mumoja faida yote, sheria inakihesabu kama hakikuandikwa.

Bei ya avoka muiulize mbele, na iandikwe. Kusomewa kontra moja si sawa na kutetewa mu kesi nzima. Asiye na uwezo aulize ku barreau ofisi ya mashauri ya bure. Mukienda, bebeni statuti zote, hata zile za kwanza, na meseji za WhatsApp ambamo mwekezaji alitaja kiasi.