Fahamu: Chura wa Lehmann, kiumbe adimu anayewindwa na wafugaji

Ni chura mdogo mwenye sumu wa Kolombia, mwenye urefu wa sentimita 3 hivi, mweusi mwenye mikanda myekundu, ya chungwa au ya njano. Kitaalamu huitwa Oophaga lehmanni. Shirika la IUCN limemweka miongoni mwa viumbe walio hatarini kabisa kutoweka.

Anapatikana wapi?

Katika misitu ya mvua ya magharibi mwa Kolombia, hasa bonde la mto Anchicayá. Eneo lenyewe ni dogo, na miti yake imekuwa ikikatwa.

Je, sumu yake inaua mfugaji?

Hapana. Sumu hutokana na wadudu anaokula porini, wakiwemo sisimizi na utitiri. Anayezaliwa kizimbani na kulishwa nzi wa matunda hana sumu.

Kwa nini ni vigumu kumzalisha?

Hapa ndipo penye kiini cha tatizo. Mama humbeba kiluwiluwi mgongoni hadi kwenye kijidimbwi cha maji yaliyotuama kati ya majani, kisha hurudi mara kwa mara kumtagia mayai yasiyorutubishwa. Hicho ndicho chakula chake. Binadamu hawezi kuiga malezi hayo kwa urahisi, hivyo watoto ni wachache, bei hupanda, na walanguzi huingia msituni kuwakamata wa porini.

Sheria inasemaje?

Biashara yake ya kimataifa inasimamiwa na mkataba wa CITES. Kolombia kuna kituo chenye kibali, Tesoros de Colombia, kinachouza vyura waliozalishwa kizimbani. Anayetaka kumfuga adai hati za asili yake, asipoonyeshwa, asinunue.