Kabla ya Kuruka Majini

Kiyovu, mjini Kigali, Rwanda, ni mtaa wa miteremko na miti mikubwa, wenye balozi, hoteli na nyumba za wenye nafasi, ulioinuka zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari katika nchi isiyo na pwani. Watoto wa hapa wanaotamani kuogelea kwa kushindana hawakulelewa na mawimbi kama watoto wa Lamu au Pemba, bali aghlabu huyajua maji kwa mara ya kwanza katika bwawa la hoteli au la klabu, kama lile la Hôtel des Mille Collines, iliyofunguliwa mwaka 1973. Bwawa hilo lina tarikhi nzito, kwani mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, watu zaidi ya elfu moja walihifadhiwa hotelini humo na, maji ya bomba yalipokatwa, walikunywa maji ya bwawa hilo. Nalitaja jambo hili kwa sababu yamkini wapo wazazi ambao hawawezi kuketi ukingoni mwa maji yale kwa nafsi tulivu, na mtoto husoma uso wa mzazi wake kabla ya kusoma saa ya mashindano.

Desturi yetu, na hapa sizungumzii Kigali peke yake, ni kumfunza mwogeleaji chipukizi mkono, mguu na pumzi kwa miezi mingi, kisha asubuhi ya shindano kumpa waadhi mfupi wa “usiogope”, kana kwamba hofu ni mtumishi anayengoja amri ya kuondoka. Hofu ya kabla ya shindano, yaani moyo kwenda mbio, viganja kuwa baridi na tumbo kuchafuka, ni mwili unaojiandaa kwa kazi, wala si dalili ya woga wa tabia. Mnamo 1908 wataalamu wawili wa Marekani, Yerkes na Dodson, waliona katika majaribio yao kwamba kazi ngumu huharibika kichocheo kikiwa hafifu mno, na huharibika vilevile kikipita kiasi. Walifanya majaribio hayo kwa panya, ambao walau hawakuwa na jamaa wa kuwapigia kelele kutoka vitini.

Kisa kilicho karibu nasi zaidi ni cha Eric Moussambani wa Guinea ya Ikweta, aliyefika kwenye Olimpiki ya Sydney mwaka 2000 akiwa amefanya mazoezi yake katika bwawa fupi la hoteli mjini Malabo, asiwahi kuliona la mita 50. Akaogelea peke yake mita 100 za mtindo huru kwa dakika 1 na sekunde 52.72, katikati ya kicheko kilichogeuka kuwa shangwe. Wasimulizi hukikariri kisa hiki kama kichekesho au kama ushujaa, ilhali mimi nawafikiria zaidi wenzake wawili wa mchujo ule, mmoja wa Niger na mmoja wa Tajikistan, walioruka kabla ya ishara wakaondolewa hata kabla ya kuonyesha walichojifunza. Kwa waogeleaji wa Rwanda, kama Alphonsine Agahozo aliyeshiriki London mwaka 2012 na kisha Tokyo, jukwaa la kurukia la Olimpiki ni ugeni wa namna hiyohiyo: bwawa refu kuliko la nyumbani, maelfu ya macho, na mbio za mita 50 zisizoacha nafasi ya kusahihisha kosa.

Ugeni hupunguzwa kwa kuuzoea mapema, na hapa ndipo mwalimu mwenye busara huanza kazi yake. Kocha Bob Bowman alimzoeza mwogeleaji Michael Phelps tangu utotoni kuyapitisha mashindano akilini kabla ya kulala na baada ya kuamka, pamoja na misukosuko yake; na mwaka 2008 mjini Beijing, miwani ya Phelps ilipojaa maji katika mita 200 za kipepeo, akawa haoni ukuta, alihesabu mapigo ya mikono yake mpaka mwisho, akashinda kwa rekodi ya dunia ya dakika 1 na sekunde 52.03. Bwawa fupi la Kiyovu halizuii zoezi kama hilo. Kocha anaweza kumchelewesha mtoto jukwaani makusudi, kumwamuru aogelee bila miwani, kumzoeza kutoa pumzi polepole kuliko anavyoivuta, na kumtaka asimulie mbio zote kwa maneno yake kabla ya kulowa.

Linabaki suala la mzazi, na katika hili sina upole mwingi. Mtoto atokaye majini akaulizwa kwanza muda wake, kisha jioni akaulizwa alama zake za hisabati, hujifunza kwamba mapenzi ya nyumbani hupimwa kwa saa na kwa kalamu nyekundu, na wiki ya mitihani ya taifa ikigongana na wiki ya mashindano hubeba hofu mbili kwa kifua kimoja. Muulizeni kwanza ameona nini majini. Muda atautaja mwenyewe.

Na masomo hayalazimiki kugombana na bwawa: mwogeleaji Jason Dunford wa Kenya, aliyechanganya masomo ya Chuo Kikuu cha Stanford na mazoezi, alivunja rekodi ya Olimpiki katika mchujo wa mita 100 za kipepeo mjini Beijing kwa sekunde 51.14, na dakika chache baadaye Milorad Čavić wa Serbia akaivunja katika mchujo mwingine. Dunford alimaliza wa tano katika fainali, na miaka miwili baadaye, mjini Delhi, akatwaa dhahabu ya mita 50 za kipepeo katika Michezo ya Jumuiya ya Madola.