Maji ya Mlima Meru na Swali la Mama Mmoja



Jumapili moja baada ya Misa, mama mmoja alifika katika ofisi ya parokia kuandikisha ubatizo wa mtoto wake mchanga. Tulipomaliza hakuondoka. Akasema, "Mwalimu, huyu ni wa nne. Wenzake watatu wote wana meno ya rangi ya kahawia. Bibi yao asema ni adhabu ya Mungu kwa makosa ya wazee. Mkubwa wao, asomaye sekondari, asema ni madini tu, Mungu hahusiki. Nimsadiki nani?"

Swali hilo si la mama huyo peke yake. Nyumba nyingi zinazouzunguka Mlima Meru zinalo. Basi, tulitazame pamoja.

Kwanza tuwasikilize wataalamu. Mlima Meru, wenye urefu wa zaidi ya mita 4,500, ni mlima wa moto. Maelfu ya miaka iliyopita ubavu wake wa mashariki ulibomoka, mawe na matope yakaporomoka kuelekea Kilimanjaro. Maziwa ya Momela yalitokea katika mabonde ya kifusi hicho. Mara ya mwisho mlima ulilipuka mwaka 1910. Mawe na majivu yake yana madini yaitwayo floraidi, na maji yapitayo humo huyayeyusha na kuyachukua mpaka mitoni na visimani.

Floraidi kidogo hulinda meno. Ikizidi, huharibu meno ya mtoto yangali yakijijenga ndani ya ufizi. Ikizidi sana kwa miaka mingi, huumiza na kupinda mifupa. Shirika la Afya Duniani lashauri isizidi miligramu 1.5 katika lita moja ya maji. Chemchemi na visima vingi vya kwetu vimepita kiasi hicho.

Hapo bibi amekwisha kujibiwa. Na tena Bwana wetu mwenyewe alimjibu zamani. Katika Injili ya Yohane, sura ya 9, wanafunzi walimwuliza habari za kipofu tangu kuzaliwa: ni nani aliyekosa, yeye au wazazi wake? Yesu alikataa hesabu hiyo ya makosa, akamponya yule mtu. Basi tusiwatwishe watoto wetu laana ambayo Bwana hakuwatwisha.

Je, kijana naye? Juu ya madini amesema kweli. Lakini amekosa aliposema Mungu hahusiki. Mtaalamu aweza kuupima wino wa daftari letu la ubatizo, akataja kila kitu kilichomo, na yote yakawa kweli. Hata hivyo, kwa kupima wino hatajua kwa nini wazazi wamelileta jina la mtoto liandikwe humo. Sayansi yatuonyesha jinsi vitu vinavyofanya kazi. Kwamba vitu vipo, na kwamba vina utaratibu ambao akili yetu yaweza kuufuata, hayo ni ya Muumba.

Wengine hudhani kwamba mwenye kuchunguza mawe hana budi kuacha sala. Mkumbukeni Niels Stensen wa Denmark. Mwaka 1666, mjini Florence, alipasua kichwa cha samaki papa, akaonyesha kwamba mawe fulani yaliyookotwa nchi kavu yalikuwa meno ya papa wa kale. Mwaka 1669 akaandika kitabu juu ya tabaka za ardhi, nacho kimewasaidia wataalamu wa miamba hata leo. Mtu huyo akawa padre mwaka 1675 na askofu mwaka 1677. Baba Mtakatifu Yohane Paulo II alimtangaza Mwenyeheri mwaka 1988.

Mtu atauliza: mbona Mungu ameumba mlima wenye maji ya kudhuru? Majivu hayo hayo ndiyo yaliyotupa udongo wa migomba na kahawa. Lakini tukubali: fumbo la mateso halimalizwi na darasa la sayansi. Tulilopewa sisi ni akili ya kujua na moyo wa kuhurumia.

Basi tuzitumie. Kuchemsha maji huua vijidudu, lakini hakuondoi floraidi. Maji ya mvua huwa na floraidi kidogo sana. Yakingeni kwenye bati safi, muyatunze kwa ajili ya watoto, hasa walio chini ya miaka minane. Punguzeni magadi katika chakula, maana nayo huwa na floraidi. Visima viwili vya jirani vyaweza kutofautiana, kwa hiyo ombeni maji yenu yapimwe. Huko Ngurdoto wataalamu wa Wizara ya Maji wamefanya kazi ya kuyasafisha maji kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe.

Nilimwambia yule mama, "Kijana amfundishe bibi habari za madini, na bibi aendelee kumfundisha kijana kusali. Kila mmoja ana jambo ambalo mwenzake amelikosa."

Mtoto wake mchanga alikuwa hajaota hata jino moja. Watoto wa namna hiyo wamo katika nyumba zetu nyingi, na wakati wa kuwalinda ni sasa.