Uzamifu wa Kiingereza: Swali la utafiti huanzia darasani Kangema

MWALIMU wa Kiingereza wa Kangema, Kaunti ya Murang'a, anapoamua kusomea shahada ya uzamifu katika ufundishaji wa lugha hiyo na stadi za kusoma na kuandika, jamaa zake huuliza: elimu yote hiyo itamfaa nani? Jibu hutegemea swali atakalolitafiti.

Katika uzamili, mwanafunzi huonyesha kwamba ameyamudu maarifa yaliyopo. Katika uzamifu hudaiwa zaidi: aongeze jambo ambalo wasomi hawakuwa nalo. Hapo ndipo darasa la mashambani huwa hazina.

Watoto wengi wa Kangema huingia shuleni wakizungumza Kikuyu. Katika Kikuyu, kama ilivyo katika Kiswahili, neno husomwa karibu kama lilivyoandikwa, na silabi huishia kwa vokali. Mtoto akizijua silabi, aweza kusoma hata neno asilolifahamu. Kiingereza hakina utiifu huo: 'rough' na 'though' yana mwisho mmoja kimaandishi, lakini hutamkwa tofauti kabisa.

Isitoshe, Kikuyu hakitenganishi sauti za 'l' na 'r'. Mwanafunzi akisoma 'light' kama 'right', je, ameshindwa kusoma au ametamka tu kwa lafudhi ya nyumbani? Mwalimu asiyetambua tofauti hiyo huenda akamhesabu mtoto hodari miongoni mwa wasiojua kusoma.

Kuna pia hatari ya kinyume chake. Mwaka 1986, wataalamu Philip Gough na William Tunmer walieleza kwamba usomaji huhitaji mambo mawili kwa pamoja: kugeuza maandishi kuwa maneno, na kuielewa lugha yenyewe. Kimoja kikikosekana, hakuna usomaji. Mtoto anayesoma ukurasa kwa kasi bila kujua maana yake bado hajasoma.

Suala hili linagusa sera ya taifa. Tume ya Ominde ya mwaka 1964 ilipendelea Kiingereza tangu darasa la kwanza. Kamati ya Gachathi ya mwaka 1976 ikapendekeza lugha ya eneo la shule itumike katika madarasa matatu ya kwanza, kisha Kiingereza kishike hatamu. Hata hivyo, wazazi wengi wamezidi kukitaka Kiingereza mapema, kwa kuwa ndicho lugha ya mitihani mingi.

Msomi Jim Cummins alidai mwaka 1979 kwamba stadi zilizokomaa katika lugha ya kwanza huisaidia ya pili. Je, mtoto wa Kangema aliyesoma Kikuyu barabara hukielewa Kiingereza vyema zaidi afikapo darasa la nne? Swali finyu kama hilo laweza kubeba tasnifu nzima.

Njia yenyewe ni ndefu. Mwenye shahada ya uzamili huandika pendekezo la utafiti na kulitetea mbele ya idara. Hutafuta idhini ya kamati ya maadili, kisha leseni ya Tume ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Uvumbuzi, NACOSTI, iliyoundwa chini ya sheria ya mwaka 2013. Kwa kuwa wahusika ni watoto, idhini ya wazazi ni lazima. Ndipo hukusanya data, huandika tasnifu na kuitetea mbele ya watahini. Muda wa kawaida ni miaka mitatu, ingawa anayefundisha huku akisoma mara nyingi huupita.

Eneo hilo halina uhaba wa vyuo: Chuo Kikuu cha Karatina kilipata hati mwaka 2013, na Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Murang'a mwaka 2016. Lakini ukaribu si kigezo kikuu. La muhimu ni kozi iwe imeidhinishwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, na apatikane msimamizi aliyebobea katika stadi za usomaji. Anayesimamiwa na asiyeijua taaluma hiyo hupoteza miaka na karo.

Shahada pekee haimhakikishii mwalimu cheo. Lakini matokeo yake yakirejeshwa shuleni kwa lugha nyepesi, yaweza kumwonyesha mwalimu wa darasa la kwanza ni mtoto yupi anayehitaji kufunzwa herufi, na ni yupi anayehitaji kufunzwa maana.