Mashindano ya Intel na AMD na Yaliyowapata Wenye Hisa



Kompyuta imekwisha ingia katika nyumba zetu, hata zile ambazo wenyewe hawakupata kununua mashine ya jina hilo. Simu ya mkononi ni kompyuta, na televisheni ya siku hizi ina kompyuta ndani yake. Kinachofanya hesabu zote za vyombo hivyo ni kipande kidogo cha silikoni, aghalabu hakizidi ukucha wa kidole, nacho huitwa chipu. Juu ya kipande hicho mafundi huchora njia za umeme nyembamba mno, zisizoonekana kwa macho, na swichi ndogo ndogo ziitwazo transista, ambazo katika chipu moja ya leo hufika mabilioni.

Kazi hiyo yataka elimu kubwa na mali nyingi, kwa hiyo waiwezao ni wachache, na mashindano yao ni makali. Katika makala hii twataka kueleza mashindano ya kampuni mbili za Marekani, Intel na AMD, yaliyodumu zaidi ya miaka hamsini, na hasa kutazama yaliyowapata watu walioweka fedha zao ndani yake. Jambo hili si geni kwetu tena. Vijana wengi siku hizi, walio hapa na walio Ulaya, Marekani na nchi za Ghuba, waweza kununua hisa za kampuni za mbali kwa simu zao, usiku mmoja, bila ya kumwuliza mzazi wala mke. Na mtu anunuaye kitu yampasa akijue.

MAANA YA HISA

Hisa ni fungu katika mali ya kampuni. Mwenye hisa si mdai wa kampuni bali ni mshirika wake. Kampuni ikifaulu, yeye hupata gawio, au fungu lake hupanda thamani; kampuni ikishindwa, fungu lake hupungua naye, wala hapana aliyemdhaminia kurudishiwa alichotoa.

Bei ya hisa haiwekwi na kampuni. Huwekwa sokoni kila siku na wanunuzi na wauzaji, nao hawatazami faida ya leo tu, bali hutazama ile waitumainiayo kesho. Kwa hiyo anunuaye hisa ya kampuni inayosifiwa na kila mtu, huwa amekwisha kulipia sifa zile kabla hazijamletea kitu. Msomaji na alitie moyoni neno hili, kwani ndilo litakalomweleza mengi katika habari ifuatayo.

ASILI YA UGOMVI

Intel iliundwa mwaka 1968 na Robert Noyce na Gordon Moore. Mwaka uliofuata, 1969, Jerry Sanders na wenzake wakaunda AMD. Wote hao walikuwa wametoka katika kampuni moja, Fairchild Semiconductor, katika jimbo la California. Basi waweza kusema kwamba ni mafundi wa karakana moja waliofungua maduka mawili yaliyoelekeana.

Mwaka 1981 kampuni kubwa ya IBM ilitoa kompyuta yake ya watu binafsi, ikachagua chipu ya Intel iitwayo 8088. Walakini IBM haikutaka kumtegemea muuzaji mmoja tu, kwani angepatwa na msiba nao wangesimama. Kwa sababu hiyo Intel ikafanya mkataba na AMD mwaka 1982, ili AMD nayo itengeneze chipu za namna ile. Kisha Intel ilipotoa chipu yake mpya ya 386 mwaka 1985, ilikataa kuwapa wenzao siri yake. AMD ikashtaki, mambo yakaenda kwa waamuzi na mahakamani miaka mingi, hata suluhu ikapatikana mwaka 1995. Lakini kabla ya suluhu, mwaka 1991, AMD ilikuwa imekwisha toa 386 ya kwake yenyewe.

Tangu hapo kila mmoja akawa atazama mkono wa mwenzake. Mwezi wa Machi mwaka 2000 AMD ilitangaza chipu ya mizunguko bilioni moja kwa sekunde, na Intel ikatangaza yake siku chache tu baadaye. Mnunuzi wa kompyuta alifurahi, maana mashindano yalimletea chombo bora kwa bei nafuu. Je, mwenye hisa naye alifurahi? Hapo ndipo pa kutazamwa.

MKUBWA ALIYEWAPA HASARA WATU WAKE

Katika mwezi wa Agosti mwaka 2000 hisa moja ya Intel ilipita dola 70. Kampuni ilikuwa mbele ya wote, na faida yake ya mwaka ule ilizidi dola bilioni 10. Mtu gani angeogopa? Mwezi wa Septemba Intel ikatoa taarifa kwamba mauzo yake hayangeongezeka kwa kiasi kilichotazamiwa. Haikusema kwamba imepata hasara. Ilisema tu kwamba ongezeko litakuwa dogo. Siku ya pili yake bei ikaanguka kwa zaidi ya fungu moja katika matano. Hata ulipofika mwezi wa Oktoba mwaka 2002, hisa ile ilikuwa chini ya dola 15.

Wala Intel haikufa. Iliendelea kuuza, ikaendelea kulipa gawio, na mwaka 2006 ikatoa chipu ziitwazo Core 2 zilizomrudisha AMD nyuma. Lakini miaka 20 ilipita, na mwaka 2020 ukaisha, bei ya hisa ikiwa haijarudi ilipokuwa. Kampuni ilishinda katika soko la chipu, na aliyenunua kwa dola 70 akashindwa katika soko la hisa.

MDOGO ALIYEKARIBIA KUZAMA

AMD nayo ilipata zamu yake. Mwaka 2003 ilitoa chipu iitwayo Opteron, ikasifiwa sana na wenye mitambo mikubwa, na mapema katika mwaka 2006 hisa yake ilipita dola 40. Mwaka ule ule ikainunua kampuni ya ATI kwa dola bilioni 5.4, ikajitia katika deni kubwa. Na wakati huo huo Intel ikaja na Core 2 na kushusha bei. Deni likawa kichwani na mshindani mlangoni.

Hapo ndipo ndugu zetu wa Ghuba walipoingia katika habari hii. Mwezi wa Novemba mwaka 2007, Mubadala, shirika la serikali ya Abu Dhabi, lilinunua kiasi cha asilimia 8 ya AMD kwa dola milioni 622, yaani dola 12.70 kwa hisa moja. Mwaka mmoja ulipopita, mwisho wa 2008, hisa ile ilikuwa chini ya dola 3. Mwaka 2009 AMD ikavitenga viwanda vyake, navyo vikawa kampuni nyingine, GlobalFoundries, kwa mali ya Abu Dhabi. Kwani kujenga na kufanya upya viwanda vya chipu kwagharimu mabilioni ya dola, nayo AMD haikuwa na uwezo huo tena. Mwaka ule ule Intel iliilipa AMD dola milioni 1,250 kumaliza kesi ambayo AMD iliifungua mwaka 2005, ikidai kwamba Intel iliwashawishi watengenezaji wa kompyuta wasinunue chipu za mshindani. Hata hivyo hali haikutengemaa, na mwaka 2015 hisa ya AMD ilishuka chini ya dola 2.

Aliye juu mngoje chini, walisema wazee. Na aliye chini pia si wa kudharauliwa. Mwaka 2014 Bibi Lisa Su alikuwa ameshika uongozi wa AMD. Mafundi wake wakaunda chipu mpya tangu mwanzo, nazo zikatoka mwaka 2017 kwa jina la Ryzen. Kuanzia mwaka 2019 chipu zao bora zilitengenezwa katika viwanda vya TSMC huko Taiwan, ilhali Intel, iliyojivunia viwanda vyake, ilikuwa yachelewa kutoa za kwake. Tarehe 24 Julai mwaka 2020, siku moja baada ya Intel kutangaza kuchelewa tena, hisa yake ilianguka kiasi cha asilimia 16, na siku ile ile hisa ya AMD ikapanda kiasi kile kile. Mwaka ulipokwisha hisa ya AMD ilizidi dola 90, na mwaka 2022 thamani ya AMD nzima ikapita ya Intel kwa mara ya kwanza.

Asidhani msomaji kwamba tangu hapo njia ilinyooka. Katika mwaka huo huo wa 2022 hisa ya AMD ilipoteza zaidi ya nusu ya thamani yake, ijapokuwa mauzo ya kampuni yaliongezeka. Intel nayo, mwezi wa Agosti mwaka 2024, ilitangaza kuwaondoa wafanyakazi zaidi ya 15,000 na kusimamisha gawio ililolipa tangu mwaka 1992. Siku ya pili yake hisa ikapoteza zaidi ya robo. Mwezi wa Novemba ikatolewa katika hesabu mashuhuri ya Dow Jones, na mahali pake ikatiwa Nvidia, kampuni ya tatu ambayo, wakati wawili hao wakipigana, ilikuwa imetwaa soko la chipu za akili bandia. Wengi wakasema Intel imekwisha. Mwezi wa Agosti mwaka 2025 serikali ya Marekani ikachukua karibu fungu moja katika kumi la Intel kwa dola 20.47 kila hisa, na kabla ya mwaka kwisha bei ilizidi dola 30.

HESABU YA NYUMBA MBILI

Sasa tuyalete mambo haya nyumbani. Tuseme watu wawili, kila mmoja na dola 1,000, walinunua hisa za AMD kwa bei ile ile waliyonunua wakubwa wa Abu Dhabi mwaka 2007. Kila mmoja alipata hisa 78. Wa kwanza alikuwa ametoa fedha za ada ya mtoto, zitakiwazo mwisho wa mwaka 2008. Siku ilipofika aliuza, hakupata hata dola 200. Wa pili fedha zake hazikuwa na kazi nyingine. Akaziacha, na mwisho wa mwaka 2020 zilikuwa zaidi ya dola 7,000. Walinunua kitu kimoja, kwa bei moja, siku moja. Kilichowatenga si akili wala habari za siri, bali ni kwamba mmoja alikuwa na nafasi ya kungoja, na mwenziwe hakuwa nayo. Abu Dhabi iliweza kungoja kwa kuwa ina hazina ya mafuta. Baba wa watoto watano hazina yake ni mshahara.

Wala kungoja si dawa ya kila ugonjwa. Aliyenunua Intel kwa dola 70 alingoja miaka 20 bila ya kuiona bei yake tena. Na kulikuwa na mshindani mwingine, Cyrix, aliyetengeneza chipu za namna ile ile. Aliuzwa kwa kampuni nyingine mwaka 1997, akauzwa tena mwaka 1999, na leo jina lake limefutika sokoni. Katika mwaka 1996 nani angejua kwa yakini yupi kati ya AMD na Cyrix atakayebaki?

Kwa hiyo twaona yawapasa wenye nyumba wafanye hivi. Fedha zenye tarehe, kama ada ya shule, kodi ya nyumba, mahari au safari ya Hija, zisiingie kabisa katika hisa. Fedha zisizo na tarehe, mtu akitaka kushiriki, asizitie zote kwa mshindani mmoja, maana wenye elimu kubwa walikosea kuhusu wote wawili, tena zaidi ya mara moja. Asinunue kwa fedha za kukopa. Katazo la riba kila Muislamu alijua, na hapa yaongezeka sababu nyingine, kwamba deni lina siku yake, na mwenye deni hawezi kungoja hata akiwa amechagua vema. Na asinunue kwa sababu kompyuta yake ni nzuri: uzuri wa chombo ni jambo moja, na bei ya hisa ni jambo la pili.

Wazee nao wasiwafukuze vijana wanapozungumza habari hizi, wakidhani ni mchezo. Ni heri kijana aulizwe mezani, mbele ya mama yake na ndugu zake: Umenunua nini? Kwa bei gani? Fedha zilikuwa za kazi gani? Utazihitaji lini? Akiweza kujibu manne hayo, amekwisha jua zaidi ya wengi. Asipoweza, na azirudishe fedha zile mahali zilipotoka, kabla soko halijamjibia.