Sataranji moja kwa moja: mtazamaji anaona, mchezaji haoni

Hapa kwetu, watu wawili wakikaa kucheza dame na vifuniko vya chupa, wale wanaosimama pembeni njo wanasema mingi kuliko wenye kucheza. «Kula!» «Usipite pale!» Kwenye sataranji, ule mchezo ambao wengi tunauita échecs kwa Kifaransa, mambo ni tofauti. Wachezaji wananyamaza, na mtazamaji hana ruhusa ya kusema kitu. Lakini siku hizi mtazamaji mwenye telefone anajua jambo ambalo bingwa mwenyewe, pale kwenye meza, hajui.

Ukifungua mchezo wa mabingwa kwenye intaneti, kando ya ubao kunakuwa mstari wa rangi mbili, nyeupe na nyeusi. Ni programu ya ordinateur, kama vile Stockfish, inayohesabu kila hatua. Nyeupe ikipanda, mwenye kete nyeupe ana nafuu. Pembeni kuna namba: 0 ni sare, +1 ni kama vile mweupe amezidi pioni moja. Programu hizi zimeshapita nguvu ya binadamu yeyote, hata bingwa wa dunia. Na njo maana mchezaji haruhusiwi kuingia na telefone.

Tuchukue siku moja. Tarehe 12 Desemba 2024, kule Singapore, Ding Liren wa China na Gukesh Dommaraju wa India walikuwa wanacheza mchezo wa 14, wa mwisho, wa ubingwa wa dunia. Kila mmoja alikuwa na pointi 6 na nusu. Kule ilikuwa jioni. Goma, Bukavu na Bunia ilikuwa bado mchana. Ding alikuwa bingwa tangu 2023. Gukesh alikuwa na miaka 18.

Kila mchezaji alikuwa na masaa 2 kwa hatua 40 za kwanza, kisha dakika 30 zaidi, na sekunde 30 zinaongezwa kila hatua kuanzia ya 41. Kwa hiyo kutazama ni kungoja. Dakika 20 zinaweza kupita bila kete hata moja kusogea. Mtu anayependa mpira atasema hii ni usingizi. Mimi naona pale njo kuna utamu: una muda wa kujiuliza wewe mwenyewe ungecheza nini.

Masaa yakaenda, kete zikapungua. Gukesh alikuwa na pioni moja zaidi, lakini mstari ulikuwa umelala kwenye sare. Ding angeshikilia tu, na kesho yake wangecheza michezo ya haraka, ambayo wengi waliona ingemfaa yeye.

Hatua ya 55, Ding akapeleka ngome yake (ile tunaita tour) kwenye f2, ili wabadilishane ngome na amalize hii kazi. Mara moja mstari ukaanguka upande wa mweusi. Watu dunia nzima wakapiga kelele mbele ya telefone zao. Ding hakuwasikia. Gukesh naye hakuona papo hapo. Zilipita sekunde kadhaa kabla uso wake haujabadilika.

Kosa lilikuwa wapi? Fou ya Ding, kete inayotembea mshazari, ilikuwa imekaa kwenye kona ya ubao, a8. Ngome zikiisha kuliwa, Gukesh anasogeza fou yake hadi d5, ikilindwa na mfalme wake, na ile ya kwenye kona haina njia ya kukwepa: lazima zibadilishane. Baada ya hapo wanabaki wafalme na pioni tu. Hapo pioni moja zaidi ni nzito sana, juu hakuna kete tena ya kuizuia isifike mwisho na kuwa malkia. Ding aliacha kwenye hatua ya 58. Gukesh akapita rekodi ya Garry Kasparov, aliyekuwa bingwa wa dunia mwaka 1985 akiwa na miaka 22.

Wengi walimcheka Ding kwamba hata mtoto angeona. Si haki. Waliona kwa sababu mstari uliwaambia. Yeye alikuwa na kichwa chake peke yake, kimechoka na michezo 13 iliyotangulia na masaa mengi ya siku ile.

Kwa mwenye mega kidogo: achana na video. Tovuti ya Lichess ni ya bure, haina matangazo ya biashara, na inaonyesha hatua zenyewe zikiingia moja moja. Hatua moja ni herufi chache tu, kwa hiyo hata mtandao dhaifu unaweza kuzibeba. Kwa Kifaransa ile hatua ya Ding inaandikwa 55.Tf2: T ni tour, f2 ni nyumba inayoenda.

Na ufiche ule mstari kwanza. Mchezo huu wa 14 bado unapatikana wote kwenye intaneti. Simama kwenye hatua ya 54, weka telefone chini, utafute kwa dakika 10 Ding angecheza nini.